Pembe kwa Pembe

Katika kila utepe alioushona Kija kulikuwa na ngazi. Si ngazi ya kupandia, la. Ni kile kidaraja kidogo pale vipande viwili vinapokutana, kimoja kimepanda na kingine kimeshuka, kana kwamba vimegombana vikapeana mabega. Kina mama wa Ushirika wa Tujikaze walikuwa wameshaizoea ngazi ya Kija jinsi mtu anavyozoea kigugumizi cha jirani. Hawakumcheka. Walimhurumia tu, na mimi nakwambia kuhurumiwa kwa miaka mitatu kunachosha kuliko kuchekwa.

Ushirika huo ulikuwa na chumba kimoja katikati ya Mwanza, hatua chache kutoka soko kuu, na cherehani nne za kukanyaga kwa miguu. Walishona mifarishi, yale mablanketi ya viraka yenye pamba katikati. Viraka vilitokana na mabaki ya kiwanda cha nguo, pamba ilitoka kwa wakulima wa Usukuma, na mifarishi ikishakamilika ilipelekwa wodi za watoto. Mwaka ulikuwa wa sabini na sita. Sabuni ilipatikana kwa foleni, na uzi kwa kujuana na mtu. Kitambaa cha kujaribia hakikuwapo, na anayeharibu kipande alitazamwa kama aliyemwaga uji wa mgonjwa.

Ukingo wa mfarishi huvishwa utepe pande zote nne, na utepe huo hautoki kwenye kitambaa kimoja. Unaungwa vipande kumi, pengine kumi na viwili. Ukiviunga wima, kila kiungo kinatuna kama jipu na kumkwaruza mtoto shingoni. Ndiyo maana anayejua kazi huunga kwa hanamu: ncha za vipande hukatwa mshazari na mshono unapita mshazari, ili unene ujigawe na utepe ulale chali. Pale Tujikaze mtu aliyejua kuunga hanamu alikuwa mmoja tu, naye ni Mama Leonsia.

Mama Leonsia alikuwa Mhaya wa Bukoba, mjane asiyejaliwa mtoto, aliyefundishwa kushona na masista tangu ana miaka kumi. Wenzake walishona viraka na kujaza pamba. Yeye aliunga utepe. Alikaa kwenye cherehani ya dirishani, mgongo ameugeuzia chumba, akisema macho yake yanataka mwanga. Hakuna aliyewahi kushangaa kwa nini mwanga ulitaka mgongo.

Kwa Kija, Leonsia hakuwa mwalimu tu. Kija alifika mjini mwaka wa sabini na tatu, mumewe amekufa miezi miwili nyuma, yeye mwenyewe akitapika nyongo kwenye benchi la hospitali. Leonsia alikuwa amekuja kumwona mgonjwa wake, akamkuta, akampa maji, akampeleka kwake. Alimpa chumba cha uani. Pasaka iliyofuata Kija alipobatizwa, Leonsia ndiye aliyesimama nyuma yake na kumwekea mkono begani mbele ya padri, akaahidi kwa sauti ya kusikika kwamba atamlea kama mwanawe. Tangu siku hiyo Kija alimwita Mama, na neno hilo hakulitoa mdomoni tu.

Watoto wa Kija, Shimba na mdogo wake Mhoja, walibaki kijijini kwa bibi yao. Operesheni ya vijiji ilipopita, bibi na wajukuu wakahamishiwa kijiji kipya cha ujamaa ng'ambo ya Busisi, safari ya basi na pantoni. Kija alikwenda kuwaona kila alipopata ruhusa. Krismasi iliyopita Mhoja alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake, akachungulia, akaamkia: "Shikamoo shangazi." Watu walicheka, na Kija naye akacheka. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia mpaka pua ikaziba.

Kijiji hicho kilitaka mwalimu wa ushonaji. Nyumba ilikuwepo, mshahara mdogo ulikuwepo, na cherehani mbili zilikuwa zimefungwa kwenye maboksi zikimsubiri mtu. Bibi Maendeleo wa wilaya, dada mmoja mkali wa miaka ishirini na kitu aliyeitwa Getruda, ndiye aliyepewa kazi ya kumtafuta. Mwaka jana alikuja Tujikaze na mtihani wake: ushone kona ya mfarishi, na uunge utepe wa vipande kumi. Kija peke yake ndiye aliyejitokeza. Kona ilikuwa safi. Utepe ulikuwa na ngazi tisa.

"Pole, ndugu," alisema Getruda, akiukunja utepe huo. "Siwezi kupeleka ngazi zifundishwe kijiji kizima. Mwakani nitarudi."

Usiku ule Leonsia alimpikia Kija ndizi kwa maharage, akamshika mkono akaugeuzageuza kwenye mwanga wa kandili kama anayetafuta mwiba. "Mkono wako ndivyo ulivyoumbwa, mwana wange," alimwambia. "Kuna wanaojaliwa na kuna wasiojaliwa. Usijitese." Kija akaamini. Angeachaje kuamini? Aliyesema ni yule aliyemwokota benchini.

Basi aliendelea kukata, kupiga pasi, kuchota maji ya nyumba ya Mama na kufua. Jioni, kazi ikiisha, Leonsia alimfundisha kwa vipande viwili vitatu, na somo lilikuwa lile lile. Laza kipande hiki hivi, nacho hiki kivuke hivi, hanamu juu ya hanamu. Halafu pembe kwa pembe. Ncha ya huyu ikae kamili juu ya ncha ya yule, pasitokeze kitu. Safari moja kipande kilimteleza Kija kidogo, ncha zikatokeza huku na huku kama masikio, na Leonsia akampiga kofi jepesi kwenye vidole, akafumua kabla sindano haijafika nusu. "Masikio ni uchafu," alisema. "Pembe kwa pembe."

Kija alishona pembe kwa pembe, na ngazi ikatokea.

Zikiwa zimebaki wiki mbili Getruda arudi, Leonsia alipanda meli kwenda Bukoba kumzika binamu yake. Jumatatu ile Kija alikuwa akipiga pasi mfarishi uliokuwa uondoke Ijumaa, wa manjano na kijani, mzuri mno. Pasi ya mkaa ilikuwa na mlango uliolegea. Cheche ikaruka ikatua ukingoni, na kabla hajaipangusa, utepe ulikuwa umetoboka tundu la ukubwa wa kidole gumba.

Alijilaani kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Utepe ulitakiwa ufumuliwe, kipande kilichoungua kitolewe na kingine kiwekwe, na mwenye kuunga alikuwa ng'ambo ya ziwa kwenye matanga. Akaona heri afumue yeye, Mama akirudi aunge. Alichukua wembe akaenda kukaa dirishani, kwenye kiti cha Leonsia, kwa kuwa kweli mwanga ulikuwa pale.

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kufumua kiungo cha Leonsia. Nani afumue kazi isiyo na kasoro? Kilichomfikia kilikuwa mfarishi uliokwisha, utepe umelala chali, mikunjo imefichwa ndani. Sasa aliufungua ule mkunjo na kuuona mshono kwa upande wa siri. Ncha za vipande zilikuwa zimekatwa butu kwa mkasi. Alidhani ni mtindo. Akafungua cha pili, nacho kilikuwa butu. Kiungo cha tatu Leonsia alikuwa amesahau upande mmoja, labda aliitwa, labda chai iliiva, na pale kulikuwa na kipembe kidogo kimetokeza nje ya ukingo, hakijakatwa, kimekunjwa ndani ya utepe kama sikio la mbuzi.

Kija alikitazama. Kisha akakata uzi wa kiungo kile, taratibu, tundu baada ya tundu, akavitenganisha vipande viwili. Akavilaza tena uso kwa uso, jinsi alivyofundishwa, pembe kwa pembe. Matundu ya sindano hayakukutana. Akakisogeza kipande cha juu kidogo, nusu ya upana wa kidole. Matundu yakakutana yote, safu moja, na ncha zikatokeza huku na huku.

Masikio.

Aliinuka akaenda kwenye kapu la mabaki, akachagua vipande viwili ambavyo hakuna ambaye angeviulizia. Akavikata hanamu. Akavivusha, akavisogeza mpaka masikio yakachomoza, akaingiza sindano pale kwenye kikwapa ambapo sikio linaachana na ukingo wa mwenzake, akakanyaga cherehani moja kwa moja mpaka kikwapa cha upande wa pili. Akakunjua. Akapiga pasi. Akayakata masikio.

Utepe ulilala chali. Alipitisha kidole, akapitisha tena, akafumba macho akapitisha mara ya tatu. Ngazi haikuwapo.

Kwanza alifurahi, na hilo nalisema ili mjue alikuwa mtu wa namna gani. Alifurahi kama mtoto, akataka kumwita Paskazia aliyekuwa akijaza pamba pembeni, amwonyeshe. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ndipo akili ikamfikia kwamba Leonsia alikuwa akifanya hivi kila siku. Aliyafanya masikio dirishani, mgongo umegeukia chumba, akayakata, akayafagia, halafu jioni akakaa na binti yake wa ubatizo na kumwambia masikio ni uchafu.

"Kuna nini, Kija?" Paskazia aliuliza. "Mbona umesimama?"

"Hakuna kitu," alisema Kija. "Nimejichoma kidogo na pasi."

Aliuunga utepe ule mwenyewe, akaurudisha, na Ijumaa mfarishi ukaondoka bila mtu kugundua. Siku zile zote alitembea na jambo hilo kifuani kama aliyemeza mfupa. Alijaribu kumtetea Mama. Huenda amesahau mwenyewe anavyofanya. Huenda mikono yake inajua na mdomo haujui. Mafundi wengine wako hivyo, waulize watakufundisha upuuzi. Huenda ile siku ya kofi alikuwa amechoka. Alizipanga sababu hizo moja baada ya nyingine, na kila moja iliposimama alimkumbuka Mhoja akichungulia nyuma ya kanga. Mwisho akaamua kumpa Leonsia nafasi moja. Moja tu, ya wazi, ya mchana, isiyo na mtego wowote. Aliomba Mungu aitumie.

Leonsia alirudi Jumanne na mkungu wa ndizi na senene, wale panzi wa kwao, wa kukaanga kwenye kijaluba. Kija alimpokea mzigo.

"Shikamoo Mama. Pole na msiba."

"Marahaba, mwana wange. Tumeshamzika. Umekonda, hukuwa unakula?"

Jumatano baada ya kazi, wenzao wameondoka, Kija alileta vipande viwili vya rangi ya samawati akaviweka mbele yake. "Mama, Bibi Maendeleo anakuja wiki ijayo. Nataka nijaribu tena. Nionyeshe mara ya mwisho, lakini safari hii ushone wewe, mimi niangalie mikono yako."

Leonsia alimtazama. Kija naye akamtazama. Angesema tu "sogea nikwambie kitu," yangekwisha. Kija angelia, angemkumbatia, angemsamehe hapo hapo, na miaka mitatu angeimeza kama dawa chungu. Alikuwa tayari kabisa. Alikuwa ameshamsamehe, alichongoja ni mwenzake amwombe.

Leonsia alivuta kiti. Akalaza kipande cha kwanza, akakivusha cha pili juu yake. Vidole vyake, vile vidole vilivyojua, vilianza kwenda vyenyewe, vikasogeza kipande, sikio likaanza kuchomoza. Kija aliliona. Aliviona pia vidole vikisimama na kurudi nyuma, polepole, mpaka ncha ikakaa kamili juu ya ncha.

"Pembe kwa pembe," alisema Leonsia kwa upole. Akashona. Akakunjua, na ngazi ikawa pale, iliyoshonwa na mkono bora kuliko yote ya mji ule. Alicheka kidogo. "Unaona? Hata mimi nikikaa karibu nawe naambukizwa. Achana na mtihani, mwana wange. Unakosa nini hapa?"

Akampapasa shavu. Mkono wake ulikuwa wa moto na wa mapenzi kweli, na hilo ndilo lililomchoma Kija kuliko uongo wenyewe. Angekuwa adui angejua pa kumweka.

"Asante, Mama," alisema. Akaukunja utepe wa samawati akautia kikapuni.

Getruda alifika Alhamisi ya wiki iliyofuata na faili lake kwapani na viatu vyenye vumbi la Buzuruga. Kina mama walisogeza viti ukutani. Kija alishona kona, akaiweka. Akavuta vipande kumi, akavipanga magotini, akaanza kuunga, uso ameuelekeza chumbani.

Hakumwangalia Leonsia. Aliyaacha masikio yachomoze, makubwa ya makusudi, kila mtu ayaone, akashona kutoka kikwapa hadi kikwapa, kiungo baada ya kiungo. Pasi ilipopita, akashika mkasi akakata masikio kumi na manane mezani, akayaacha pale pale, lundo dogo kama maganda ya karanga.

Getruda aliuchukua utepe, akaupitisha katikati ya vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Akarudi mwanzo. "Mwaka jana mkono huu ulikuwa na ngazi tisa," alisema. "Nani amekufundisha? Fomu inataka jina la mwalimu."

Kabla Kija hajajibu, Leonsia alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, lakini sauti ilitoka imara. "Ni mimi. Ni binti yangu wa ubatizo. Nimehangaika naye miaka mitatu."

Wanawake walipiga makofi, Paskazia akapiga na kigelegele. Kalamu ya Getruda ilikuwa imeshashuka kwenye karatasi.

"Subiri, ndugu," alisema Kija. Alitoa utepe wa samawati kikapuni, akaulaza mezani kando ya ule mpya. "Alichonifundisha Mama ni hiki. Hiki kakishona yeye mwenyewe kwa mkono wake, Jumatano ya wiki iliyopita, nilipomwomba anionyeshe kwa mara ya mwisho. Huu mwingine nimeupata kwa kufumua kazi yake alipokuwa Bukoba."

Kigelegele cha Paskazia kilikatika. Wote waliujua mshono wa Leonsia, ule mshono wake mdogomdogo wa masista usio na mwingine mjini, na wote waliiona ngazi juu yake. Getruda aligusa utepe ule, akamtazama Leonsia, akaondoa kalamu.

Leonsia hakujitetea kwa Getruda wala kwa wenzake. Alimgeukia Kija, kana kwamba wako wawili jikoni. "Ungeondoka," alisema. "Ungeondoka, mwana wange, na mimi ningebaki na nani?"

Kija alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa kukanushwa, hata kwa kuitwa mchawi. Hakuwa amejiandaa kuambiwa kweli. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alimpenda mwanamke yule bado, na alimchukia, vyote viwili kwa pamoja.

"Mhoja alikuwa na miaka miwili ulipoanza kunifundisha," alisema. "Sasa ana mitano. Ananiita shangazi."

Leonsia alikaa.

"Mwalimu niandike nani?" Getruda aliuliza kwa sauti ya chini.

"Acha wazi," alisema Kija. Akayakusanya masikio kumi na manane kutoka mezani, akayatia kikapuni, maana wanafunzi wake huko ng'ambo wangetaka kuonyeshwa.